UCHAMBUZI: Linux yafunga lango kwa vipakatalishi vikuukuu, nani atabeba mzigo?

MATUKIO mawili ya mwaka wa 2025, yaliyoachana kwa takriban miezi miwili tu, yamewaweka wamiliki wa vipakatalishi vidogo na vikuukuu katika njia panda.

La kwanza lilitukia Agosti 9, pale mradi wa Debian, ambao ni miongoni mwa miradi mikongwe zaidi ya mfumo wa Linux, ulipotoa toleo lake la 13 na kutangaza kuwa halitawekwa tena katika tarakilishi zenye prosesa za biti 32. La pili lilijiri Oktoba 14, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za usalama kwa mfumo wake wa Windows 10.

Matokeo yake ni kinaya. Wakati ule ule ambapo wamiliki wa mashine zisizokubali Windows 11 walikuwa wakishauriwa kukimbilia Linux, sehemu moja ya Linux yenyewe ilikuwa ikifunga lango ambalo mashine ndogo kabisa zimekuwa zikilipitia kwa miaka mingi.

Kwa mwenye uwezo wa kununua tarakilishi mpya, habari hizi ni za kupita tu. Lakini kwa mwanafunzi wa chuo mwenye kipakatalishi kimoja cha mtumba, au kwa mwenye duka la kuchapisha na kunakili stakabadhi, mashine hiyo ndiyo ofisi, ndiyo maktaba na ndiyo riziki. Ikikwama katikati ya kuhamia toleo jipya, kinachopotea si programu pekee bali pia kazi ya miezi au miaka.

Swali linaloulizwa baada ya mashine kukwama huwa moja: kosa ni la nani? Aghalabu mtumiaji hujilaumu mwenyewe, au akaulaumu mfumo mzima na kuapa kutourudia. Ukweli ni kwamba matatizo mengi ya aina hii katika vipakatalishi vyepesi hutokana na mambo matatu yanayoweza kujulikana mapema: umri wa prosesa, uhaba wa nafasi, na kukatizwa kwa kazi kabla haijakamilika.

Chimbuko la vipakatalishi vyepesi

Mwishoni mwa mwaka wa 2007, kampuni ya Asus ya Taiwan ilizindua kipakatalishi kidogo kilichoitwa Eee PC 701. Kilikuwa na skrini ya inchi saba, kumbukumbu ya MB 512, hifadhi ya GB 4, na uzito usiofikia kilo moja. Badala ya Windows, wanunuzi wa kwanza walikikuta kikiwa na Linux.

Kifaa hicho kilifungua njia. Kampuni nyingine zilifuata mkondo, na kwa miaka michache soko la dunia likafurika vipakatalishi vya bei nafuu, vingi vikitumia prosesa za Intel za jamii ya Atom. Vilipochakaa machoni mwa wanunuzi wa kwanza, vingi viliingia katika biashara ya mitumba na kupata wamiliki wapya.

Ni katika mikono hiyo ya pili na ya tatu ambapo Linux ilijijengea sifa yake. Mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland, ukawa dawa ya mashine zilizozeeka. Ulikuwa wa bure, haukuhitaji kumbukumbu nyingi, na ulitoa masasisho ya usalama kwa vifaa ambavyo watengenezaji wake walikuwa wamekwisha kuvisahau.

Sifa hiyo ndiyo inayotiwa kwenye mizani sasa.

Biti 32 na mwisho wa zama

Tofauti kati ya prosesa ya biti 32 na ya biti 64 ni ukubwa wa namba ambazo prosesa hushughulikia kwa mkupuo mmoja. Prosesa ya biti 32 kwa kawaida hufikia mpaka wa GB 4 za kumbukumbu, kiwango ambacho programu nyingi za leo hukimeza upesi.

Kuna pia suala la saa. Mifumo mingi ya jamii ya Linux huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia Januari 1, 1970. Hesabu hiyo ikiwekwa katika biti 32, itajaa Januari 19, 2038, na tarehe zitavurugika. Debian 13 imehamisha hesabu hiyo hadi biti 64 katika aina zote za prosesa inazozihudumia, isipokuwa ile ya zamani ya biti 32, iliyobakishwa ili kuendesha programu kongwe ndani ya mashine za biti 64.

Debian haikuwa ya kwanza kuchukua hatua hii. Ubuntu iliacha kutoa diski ya biti 32 ya toleo lake kuu la mezani kuanzia toleo la 17.10 la Oktoba 2017. Fedora ilifuata mwaka wa 2019. Nacho kivinjari cha Firefox kiliacha kuhudumia Linux ya biti 32 kilipofika toleo la 145, Novemba 2025.

Maelezo rasmi ya Debian 13 hayaumi maneno. Yanawaambia wenye mashine za biti 32 wasihamie toleo hilo. Wanashauriwa kuweka upya mfumo wa biti 64 pale inapowezekana, au kuistaafisha mashine. Anayepuuza onyo hilo na kulazimisha safari hujikuta na mfumo usiopata kerneli mpya, yaani kile kiini kinachounganisha programu na vifaa vya ndani ya mashine.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Si kila mashine inayoendeshwa kwa mfumo wa biti 32 ina prosesa ya biti 32. Vipakatalishi vingi viliwekewa mfumo mdogo ili kuokoa kumbukumbu, ilhali prosesa zao zina uwezo wa biti 64. Mathalan, Atom N270 iliyotumika sana kuanzia mwaka wa 2008 ni ya biti 32 pekee, lakini Atom N450 iliyoingia sokoni mwaka wa 2010 inakubali biti 64.

Amri fupi ya "lscpu" hutoa jibu kwa sekunde moja. Ikionyesha biti 32 na 64 kwa pamoja, mashine hiyo bado ina maisha mbele yake. Ikionyesha 32 pekee, hakuna ujanja wa fundi utakaoibadilisha. Ni busara kulijua hilo kabla ya kutumia data na muda mwingi.

Nafasi finyu

Tatizo la pili ni nafasi. Vipakatalishi vyepesi vingi viliuzwa vikiwa na hifadhi ya GB 32 au chini ya hapo, na nyingi kati ya hizo zimejaa picha, video na faili zilizosahaulika. Wakati wa kuhamia toleo jipya, mfumo huhitaji nafasi ya kupakulia mamia ya vifurushi vya programu, na nafasi nyingine ya kuvifungulia kabla vile vya zamani havijaondolewa.

Mahali panaponasa wengi ni sehemu ndogo ya diski iitwayo "/boot", ambamo kerneli huhifadhiwa. Maelezo ya Debian 13 yanapendekeza sehemu hiyo iwe na ukubwa wa angalau MB 768, huku takriban MB 300 zikiwa tupu. Waliotenga sehemu hiyo miaka mingi iliyopita waliiwekea nafasi ndogo kuliko hiyo, nazo kerneli kuukuu hurundikana humo bila mwenyewe kujua. Kerneli mpya ikikosa pa kukaa, kazi yote husimama nusu njia.

Fauka ya hayo, Debian 13 imebadilisha mahali pa kuwekea faili za muda. Sasa huwekwa ndani ya kumbukumbu badala ya diski, na zinaweza kuchukua hadi nusu ya kumbukumbu hiyo. Kwa mashine yenye GB 16 hilo si neno. Kwa kipakatalishi chenye GB 1 au 2, programu nzito inaweza kuzimika ghafla na mwenyewe akadhani kifaa kimeharibika. Mpangilio huo unaweza kurejeshwa kama ulivyokuwa, mradi mtu ajue kwamba ulibadilika.

Kinga ni rahisi. Amri ya "df -h" huonyesha nafasi iliyobaki katika kila sehemu ya diski. "Apt clean" hufuta vifurushi vilivyokwisha kutumika, nayo "apt autoremove" huondoa kerneli na programu ambazo hazihitajiki tena. Kufuta kerneli kwa mkono bila kujua ni ipi inayotumika ni sawa na kukata tawi ulilolikalia.

Umeme ukipotea njiani

Jambo la tatu linawahusu Wakenya kwa karibu. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zikakaa gizani kwa saa kadhaa. Kupotea kwa umeme kwa muda mfupi mtaani ni jambo la kawaida zaidi. Vipakatalishi vingi vya mitumba navyo vina betri zilizokufa. Hutumika vikiwa vimechomekwa ukutani muda wote. Umeme ukikatika, mashine huzimika papo hapo.

Hapa inafaa kuelewa kwamba safari ya kuhamia toleo jipya ina hatua mbili zisizolingana kwa hatari. Hatua ya kwanza ni kupakua vifurushi kutoka kwa intaneti. Data ikiisha au mtandao ukikatika wakati huo, hakuna kilichoharibika; kazi huendelea pale ilipoachwa. Hatua ya pili ni kufungua na kusakinisha vifurushi hivyo. Mashine ikizimika hapo, mfumo hubaki nusu mpya, nusu wa zamani.

Kwa hivyo, mwenye hekima hutenganisha hatua hizo. Anaweza kupakua vifurushi vyote kwanza, hata kwa siku mbili tatu, kisha akasakinisha siku ambayo ana uhakika wa umeme. Asiye na betri nzima huazima chanzo cha umeme wa akiba, au huipeleka mashine mahali penye jenereta.

Na mashine ikizimika licha ya tahadhari hizo? Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mfumo wa Debian na jamii yake huweka kumbukumbu ya kila kifurushi na hatua kilichofikia. Mara nyingi amri ya "dpkg --configure -a", ikifuatwa na "apt --fix-broken install", hukamilisha kilichoachwa njiani. Kosa kubwa ni kukimbilia kufuta diski nzima na kuanza upya huku faili za mwenyewe zikiwa bado salama ndani yake.

Hali kadhalika, skrini nyeusi baada ya kuwasha mashine haimaanishi msiba. Mara nyingi kerneli ya awali huwa bado ipo, na inaweza kuchaguliwa katika orodha inayotokea mashine inapoanza kuwaka. Ikifanya kazi, tatizo limo katika kerneli mpya na si katika kifaa. Hata ikikataa, flashi iliyowekewa Linux inaweza kuiwasha mashine na kuwezesha faili kunakiliwa kwanza. Kanuni ya fundi mwaminifu ni hiyo: faili za mwenyewe kabla ya mfumo.

Wapo pia wanaopoteza Wi-Fi baada ya kuhama. Chanzo kimoja kinajulikana. Kuanzia toleo la 12 la mwaka wa 2023, Debian ilizitenga programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi za Wi-Fi na kuziweka katika fungu lake jipya. Aliyehama kutoka toleo la 11 bila kuliongeza fungu hilo katika orodha ya vyanzo vyake hapati masasisho ya programu hizo. Simu ya mkononi iliyounganishwa kwa waya wa USB huweza kuipa mashine intaneti ya muda hadi kasoro hiyo irekebishwe.

Makosa ya watengenezaji

Si haki, hata hivyo, kumtwika mtumiaji lawama zote. Watengenezaji nao wamewahi kuteleza, tena vibaya.

Desemba 2017, Ubuntu ililazimika kuondoa toleo lake la 17.10 katika ukurasa wa kupakulia baada ya kubainika kuwa lilivuruga programu ya msingi ya kuwashia mashine katika baadhi ya vipakatalishi, hasa vya Lenovo. Waathiriwa hawakuwa wamekosea lolote. Diski iliyorekebishwa ilitolewa Januari 2018.

Aidha, Septemba 2024, Ubuntu ilisimamisha kwa muda njia ya kutoka toleo la 22.04 hadi 24.04, baada ya kasoro kugunduliwa katika programu inayosimamia uhamisho huo. Hili lilitokea ingawa Ubuntu kwa desturi huwangojesha watumiaji wa matoleo ya muda mrefu hadi marekebisho ya kwanza yatoke, ndipo iwafungulie njia.

Funzo ni kwamba asiye na mashine ya pili hana sababu ya kuwa wa kwanza kuvuka daraja jipya. Toleo la zamani linaloendelea kupata masasisho ya usalama si aibu. Kungoja miezi michache huwaachia wengine, wenye mashine za majaribio, kazi ya kugundua mashimo yaliyomo njiani. Kadhalika, si salama kuruka matoleo. Debian huhudumia safari ya kutoka toleo moja hadi lile linalofuata pekee. Aliye katika toleo la 11 hupitia la 12 kwanza.

Nani abebe gharama?

Nyuma ya maelezo haya ya kiufundi kuna suala zito zaidi. Mradi wa Debian, ulioasisiwa mwaka wa 1993, huendeshwa na watu wanaojitolea. Kila aina ya prosesa inayohudumiwa huhitaji watu wa kuijaribu, mashine za kuijengea programu, na muda wa kurekebisha kasoro zake. Wenye ujuzi huo wengi hawatumii tena mashine za biti 32. Kuwataka waendelee milele ni kuwadai wasichokuwa na deni nacho.

Kwa upande mwingine, neno "kustaafisha" mashine lina uzito tofauti kulingana na mahali linaposomwa. Kwa mwenye kabati lililojaa vifaa, kustaafisha ni kusafisha nyumba. Kwa mwenye kifaa kimoja, ni kufunga kazi. Taka za kielektroniki nazo haziyeyuki hewani: ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2024 ilionyesha kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka wa 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kuwa ilikusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Hata hivyo, kuilinganisha hatua ya Debian na ile ya Windows kungekuwa kuchanganya pumba na mchele. Windows 11 inakataa prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka wa 2018, zikiwemo zenye nguvu za kutosha kwa kazi za kila siku. Debian imefunga lango kwa prosesa ambazo nyingi zimepita umri wa miaka 15, na bado haikuwatupa wamiliki wake siku hiyo hiyo. Toleo la 12, linalokubali biti 32, limepangiwa huduma ya muda mrefu hadi Juni 30, 2028. Miradi midogo kama antiX nayo imetoa mfumo mwepesi wa biti 32 uliojengwa juu ya toleo hilo.

Hilo linawapa wenye mashine hizo muda wa kujipanga, na muda huo hauna budi kutumiwa vyema. Shule na vyama vya kijamii vilivyopokea tarakilishi za msaada vinapaswa kuzihesabu sasa na kutenga zile za biti 32 na zile za biti 64. Wauzaji wa mitumba nao wanafaa kumweleza mnunuzi waziwazi prosesa aliyouziwa ni ya aina gani, kwa maana bei nafuu ya mashine isiyo na mfumo wa kuihudumia ni hasara iliyofichwa.

Naye mtumiaji mmoja mmoja ana kazi ya alasiri moja tu: kunakili faili zake mahali pengine, kukagua prosesa, kupima nafasi ya diski, na kusoma maelezo ya toleo jipya kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali. Akigundua kuwa mashine yake haiwezi kuhama, kubaki katika toleo la zamani hadi muda wake uishe ni uamuzi halali.

Mashine hizo zitazimika siku moja; hilo halina mjadala. Kilicho mikononi mwa wamiliki wake ni kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, haitazimika na tasnifu ya mwanafunzi wala daftari la hesabu za mwenye duka.